Dawa Iko, Dawa Imeisha

Jumanne, 30 Juni 1964

Saa kumi na mbili asubuhi nimemeza. Infirmie Elia, muuguzi wetu, amemeza. Wamezaji wengine watatu wamemeza mbele yangu, mdomo wazi, ulimi juu, nimekagua. Namba nne hayupo.

Saa mbili, chupa tano dirishani. Saa nne, chupa tano tena. Hiyo ndiyo kazi yangu ya shahada ya pili, na kila ninayemweleza hucheka. Nawapa watu kinini, dawa ya malaria, kisha nawaomba mkojo wao, chupa baada ya chupa, siku tatu mfululizo, ili nijue dawa inakaa mwilini muda gani na inatoka kwa mwendo gani. Profesa wangu yuko Leopoldville. Barua yake ya mwisho ilifika kabla wapiganaji hawajaingia Uvira. Anataka wamezaji sita. Ninao watano na pengo.

Pengo ni Yaya Ramazani, kaka yangu. Wiki jana alikwenda kwa wapiganaji. Hakuaga. Mama analia jikoni, na mimi nina hasira kwa sababu safu ya nne kwenye karatasi yangu ni tupu. Naandika hili nijue mimi ni mtu wa namna gani.

Leo uhuru umetimiza miaka minne. Hakuna ngoma. Ziwani hakuna mtumbwi hata mmoja.

Jumatano, 1 Julai

Jua zuri. Bila jua sina kazi, maana taa ya chuo ya kupimia haikupanda meli pamoja nami.

Amonia, etha, tikisa. Ngoja itengane. Chota ya juu, tia asidi, tikisa tena. Inua chupa juani, kitambaa cheusi nyuma yake, tazama kwa ubavu. Kama kinini imo, maji yanawaka buluu. Si rangi kama ya wino. Ni mwanga, baridi, unakaa upande ule jua linapoingilia. Nimeuona mara mia na bado shingo hunisisimka. Siku ya tatu hufifia. Baadaye giza.

Tumegombana kidogo na Elia. Elia ndiye mkuu wa dispansari hii, Mprotestanti wa Lemera, mtu wa kupima maneno. Kwenye karatasi ya ukutani nimeandika kwa Kiswahili, wamezaji wajisomee. Palipo na mwanga, «dawa iko». Palipo na giza, «dawa imeisha». Yeye alitaka pozitifu na negatifu. Akasema neno dawa ni kubwa mno siku hizi. Nikamwambia karatasi ni yangu.

Ijumaa, 3 Julai

Komanda wa wapiganaji amekuja dispansari, na wenzake wawili wenye majani kichwani. Walitaka kinini. Elia akawapa mkebe mkubwa. Nani angekataa.

Komanda anajua kusoma. Akasimama mbele ya karatasi yangu kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Dawa iko. Dawa iko. Dawa imeisha. Kisha akanigeukia.

«Weye njo unapimaka dawa mu mwili ya bantu?»

Nikasema ndiyo, mimi ndiye ninayepima. Nilisema kwa majivuno! Miezi yote hii hakuna aliyeniuliza kazi yangu bila kucheka. Huyu hakucheka. Akabandua karatasi ukutani, akaikunja vizuri, akaondoka nayo. Elia hakunilaumu, na hilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 4 Julai

Nimeitwa kambini, kwenye nyumba ya msimamizi wa zamani, karibu na maji. Wanaume kumi na wawili walikuwa mstari mmoja ufukweni, vifua wazi. Hakuna aliyekohoa.

Munganga wao, mganga wa dawa ya vita, si mzee. Miaka thelathini hivi, shati jeupe limefungwa hadi shingoni, kucha safi. Anawanyunyizia maji kwa majani, kisha kila mmoja anakunywa funda moja kutoka beseni. Baada ya hapo hawaguswi na mtu wa nje. Hawapeani mkono na sisi. Hawalali na mwanamke. Vitani wasigeuke nyuma. Wakishika miiko, risasi zinakuwa maji. Wakivunja, dawa inatoka.

Yaya Ramazani alikuwa wa tano kwenye mstari. Amekonda. Alitazama juu ya bega langu kama nimesimama mahali pengine.

Komanda akanieleza. Alieleza vizuri, kwa upole, kama mteja dukani.

«Batatu bamekufa kule Mutarule. Munganga anasema balivunja miiko. Minye sitaki kujua nyuma ya kufa. Nataka kujua mbele, bakiwa bazima. Weye njo utapima.»

Nikasema napima kinini tu. Akauliza, kinini si dawa? Nikasema ni dawa, lakini. Hakungoja lakini.

Ningekuwa nafikiri ningekumbuka niko wapi. Huku kwetu kila kidonge ni kinini. Cha kichwa kinini, cha tumbo kinini. Nilidhani ninalo neno dogo la kujitetea, kumbe nimerudia lile lile. Najiona mjinga.

Jumapili, 5 Julai, asubuhi

Chupa kumi na mbili zimeletwa, namba tu, hakuna majina. Nilitaka iwe hivyo, ni desturi ya kazi.

Sijawapa watu hawa kinini. Kwa hiyo zote zitakuwa giza. Nikiandika ninachokiona, wote kumi na wawili wamevunja miiko, na Yaya ni mmoja wao. Nimekubaliana na Elia nidanganye. Zote «dawa iko», habari iishe. Elia ameomba Mungu amsamehe kwa ajili ya uongo wa mtu mwingine. Nitafanya kazi yote kama kawaida, kwa sababu mlinzi wa komanda ameketi mlangoni anatazama mikono yangu.

Jumapili, saa tisa

Zinawaka.

Zote. Kumi na mbili. Buluu ile ile.

Nimeosha vyombo kwa asidi, nikarudia namba moja, namba sita, namba kumi. Zinawaka. Nimepima maji matupu ya dispansari. Giza. Nimepima mkojo wa Mama, nimemwomba kwa uongo. Giza.

Mlinzi mlangoni ameuona mwanga. Amesimama akavua majani kichwani, akayashika mkononi kama kofia. Nimeogopa.

Jumatatu, 6 Julai

Mkebe! Mkebe wa Ijumaa. Munganga anaitia kinini yetu kwenye beseni. Wanakunywa Jumamosi, Jumapili wanakojoa mwanga. Nimecheka peke yangu hadi Elia akaja kutazama kama ni homa.

Kwa hiyo dawa yao ni dawa yangu. Nimeandika «iko» kumi na mbili na sikuhitaji kudanganya. Leo wamekwenda vitani Runingu.

Jumatano, 8 Julai

Wamerudi kumi na wawili, bila mkwaruzo. Wanaimba barabarani, «Mai! Mai!», maji, maji, miguu ikipiga chini pamoja. Askari wa serikali walikimbia wakaacha sufuria ya maharage motoni.

Watu wananipisha njia. Mwanamke anayeuza ndagala pale karibu na msikiti, anayenifahamu tangu sijaota ndevu, ameniwekea samaki chini badala ya kunipa mkononi. Ananiita Bwana Dawa. Nikamwambia, mama, ni mimi, mtoto wa Mama Zaituni. Akasema anajua, na bado akanionyesha samaki kwa macho tu mpaka nilipoinama kuokota.

Nimependa. Niliogopa pia, lakini kwanza nimependa. Hakuna mwalimu wangu aliyewahi kunipisha njia.

Ijumaa, 10 Julai

Chupa kumi na mbili za pili. Kumi na moja zinawaka. Namba saba giza.

Nimerudia mara tatu. Giza. Nimeandika: saba, dawa imeisha.

Naandika sababu hapa, kwa sababu hakuna pengine pa kuiandika. Ningeweza kudanganya, nilikuwa tayari kudanganya Jumapili. Leo sikudanganya kwa kuwa nilifurahi. Jaribio linalotoa jibu moja tu si jaribio. Ikipatikana moja tupu kati ya kumi na mbili, basi kipimo kinaona kweli. Niliitazama ile chupa nyeusi nikafikiria profesa atakavyosema. Kuhusu yule mtu nilidhani watamwacha nyuma afue nguo.

Jumamosi, 11 Julai

Wamemuua namba saba. Ufukweni, saa tatu asubuhi, wenzake wakitazama. Hakubishana. Walimsomea karatasi yangu na akakubali kwamba lazima alivunja kitu.

Jumapili, 12 Julai

Sikwenda labo kupima.

Namba saba aliitwa Mulonda. Mkulima wa kule chini ya Lemera, Elia anawafahamu watu wake. Alhamisi alikuja dispansari kulalamika tumbo, alikuwa ametapika tangu asubuhi. Alitapika maji ya munganga. Hiyo ndiyo miiko aliyovunja. Elia alimpa chumvi na sukari akamwambia apumzike.

Elia alinieleza haya yote akiwa ameketi, mikono magotini, kisha akasema, «Minye sikujua kama alikuwa mu chupa yako.» Mimi pia sikujua. Kwangu alikuwa saba.

Jumatatu, 13 Julai

Elia alificha vidonge ishirini vya kinini ile Ijumaa ya mkebe, ndani ya soksi. Mtu huyu anayepima maneno! Amenipa vyote. Nimesaga kimoja. Chembe moja inayoingia chini ya ukucha inatosha kuiwasha chupa nzima. Nimejizoeza: kidole kwenye mdomo wa chupa, kutikisa, mlinzi haoni kitu.

Hakutakuwa na giza tena. Hii ndiyo kazi yangu sasa. Memwari, tasnifu yangu, imekufa na sijaililia.

Jumanne, 14 Julai

Munganga amekuja peke yake, mchana kweupe. Mlinzi akatoka nje bila kuambiwa. Akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akaweka mikono juani dirishani, pale pale ninapoweka chupa.

Ana sauti ndogo, inabidi usogee. Hakunitazama.

«Weye unatiaka. Minye pia natiaka. Hakuna muntu mwingine anajua.»

Akasema mkebe wake umeisha, beseni sasa ni maji ya ziwa tu, na haimsumbui, maana nitatia mimi. Nikamuuliza, kwa nini basi uliitia mwanzoni? Akasema maji ya bure watu hawayaamini, lazima yawe machungu kidogo. Jibu la mfamasia. Nilichukia kwamba nimemwelewa.

Halafu akasema haya, nayaandika kama alivyosema. «Nguvu haiko mu kinini, mudogo. Iko mu kusimama. Bale askari bakiona muntu anakuja amesimama, anaimba, haogopi, banakimbia. Siku muntu anajua, atainama. Akiinama, imeisha.»

Alipofika mlangoni akageuka. «Usimwambie yaya yako.»

Sijamwambia mtu yeyote kambini kwamba nina kaka pale. Mji ni mdogo, mtu amemwambia. Lazima mtu amemwambia.

Aliacha chupa kwenye benchi, maji ya ziwa, safi. Nimeipima. Inawaka. Kidogo, lakini inawaka. Basi nikashuka mwenyewe ziwani na chupa yangu, nikachota mbali na kambi, kiuno ndani ya maji. Nimeipima. Inawaka.

Chupa ilikuwa chafu. Au ni ukucha wangu, chembe imebaki. Nimenawa mara nne. Sitapima maji ya ziwa tena.

Alhamisi, 16 Julai

Jumamosi wanakwenda Mutarule. Si kama Runingu. Safari hii kuna askari wengi na bunduki ya kumimina risasi juu ya gari, watu waliotoka huko wameiona. Wapiganaji watatembea kuielekea wamesimama, kwenye uwanda usio na kichaka.

Yaya Ramazani ni wa mbele. Mama ameambiwa sokoni, si na mimi. Amerudi na kapu tupu.

Nimekaa na karatasi mchana wote, kama ni hesabu. Chupa ya Yaya ikiwa giza, watamuua kesho kutwa asubuhi, ufukweni. Chupa yake ikiwaka, atatembea mbele ya ile bunduki akiamini ni maji. Kwenye karatasi yangu kuna maneno mawili tu na yote mawili yanamuua. Kilichobaki ni kumwambia ukweli ili alale chini.

Yaya ndiye aliyenipeleka shule ya kwanza, mgongoni, kuvuka mto uliojaa. Sikutaka kuandika hili. Limejiandika.

Ijumaa, 17 Julai

Chupa kumi na mbili, maana namba saba sasa ni mtu mpya. Zote giza kabla ya ukucha wangu. Zote buluu baada yake. Dawa iko, dawa iko, mpaka kumi na mbili.

Nimepeleka karatasi kambini mwenyewe. Bwana Dawa anaruhusiwa kuingia. Yaya alikuwa nyuma ya nyumba, peke yake, anasugua viatu vyake kwa mchanga. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake kama miiko inavyotaka. Nikamwambia yote. Beseni, mkebe, ukucha, Mulonda. Nikamwambia masasi ikianza, risasi zikilia, lala chini, tambaa, rudi nyumbani.

Nilidhani atakataa. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye, tangu utoto tunabishana. Hakubishana.

«Njo vile?»

«Njo vile, yaya.»

«Weye njo fundi ya dawa. Kama unasema iko, iko. Kama unasema hapana, hapana. Aksanti, mudogo.»

Kabla ya maneno yangu uso wake ulikuwa umetulia, wa mtu aliyelala vizuri. Nikauona unabadilika. Alitazama milima, akatazama mlango wa nyumba, akatazama mikono yangu. Kiatu kikamponyoka mkononi. Akakiokota, kikamponyoka tena.

Nilipotoka, munganga alikuwa ameketi juani kwenye ngazi. Nikapita karibu naye. Akasogeza miguu yake kunipisha, kama wanavyofanya wote.

Nimefanya jambo sahihi. Nimeandika ili nilisome kesho.

Jumamosi, 18 Julai

Wameondoka alfajiri. Mama amesimama barabarani. Anasema Yaya alikuwa wa mbele na hakuimba.

Jua zuri. Sina chupa ya kupima. Nimefagia labo mara mbili.

Saa saba tumesikia milio, mbali, upande wa uwanda. Muda mfupi tu. Halafu hakuna. Elia akasimama mlangoni na saa yake mkononi, halafu akairudisha mfukoni.

Jumapili, 19 Julai

Wamerudi wanaimba. Nimewahesabu kutoka dirishani. Kumi na mmoja.

Nimehesabu tena walipogeuka kona. Kumi na mmoja.

Aliyenieleza ni kijana mmoja, mzaliwa wa Mutarule kwenyewe, aliyekuwa bega kwa bega na Yaya. Hakukaribia, alisema kutoka barabarani, kwa sauti ya kawaida, nami nikiwa ndani, dirishani.

«Masasi ilianza. Sisi tulienda tu, tumesimama, tunaimba. Yeye alilala chini. Tulimwita, yaya, simama! Alibaki pale, ameshika kichwa. Bale askari baliona tunakuja, baliacha motokari, balikimbia. Hakuna hata mumoja wetu aliguswa. Risasi moja tu njo ilipita chini, mu majani. Ile moja.»

Halafu akaniuliza, kwa heshima, kama karatasi yangu ilikuwa na kosa. Nikasema haikuwa na kosa.

Wamemzika huko huko, kandokando ya shamba la mihogo. Shehe wetu anataka kwenda kumwombea, barabara haipitiki.

Niliwadanganya kumi na mmoja, wote wanaimba pale nje. Ukweli nilimwambia mmoja.

Jumatatu, 20 Julai

Komanda ameniita. Nilikwenda nikidhani sitarudi, na nikaona ni sawa. Karatasi yangu ilikuwa mezani mbele yake. Namba tano, ya Yaya, dawa iko.

«Uliandika iko.»

«Ilikuwa iko,» nikasema.

Munganga alikuwa nyuma yake, ananawa mikono. Akasema bila kuinua kichwa, «Ilikuwa iko, komanda. Muntu alimwambia neno.» Komanda akauliza nani. Munganga akajifuta mikono polepole, kidole kwa kidole, akasema si wa hapa, ni mtu wa nje, hatarudia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu yangu. Ameniokoa, au ameniweka akibani. Alhamisi wataleta chupa nyingine kumi na mbili, nafasi ya Yaya imeshajazwa. Vimebaki vidonge kumi na saba na nitaziwasha zote, na sitamwambia mtu yeyote chochote. Namchukia. Hakuna mtu mwingine Uvira ninayeweza kuzungumza naye.

Alhamisi, 23 Julai

Kumi na mbili. Iko.

Jumapili, 26 Julai

Waliokuja kwenye kilio wameondoka leo, mikeka imekunjwa. Elia alikuwa wa mwisho, amesaidia kubeba sufuria za jirani.

Mama ameniita jikoni. Anachambua maharage, hakuinua macho. Akasema watu wanasema nilionekana kambini Ijumaa ile, na Ramazani.

«Ulimwambia nini?»

«Nilimsalimia tu, Mama.»

«Na yeye?»

«Alisema nikusalimie.»

«Alisema vile?»

«Alisema vile.»

Vidole vyake vikatafuta mawe kwenye maharage. Akasema, basi iko vizuri, angalau alikusikia sauti. Halafu amekula matonge mawili ya bugali, ya kwanza tangu Jumapili ile. Nimeosha sahani.